Siki Ndani ya Kifaa Namba Kumi na Nne

Kapteni Zuurakan alikibandua kifuniko cha betri kwa ncha ya kisu, akasogeza pua, akanusa. Tumbo likamnguruma. Kifaa kilichotolewa kwenye shimo walikofia watu watatu kilikuwa kinanuka chakula.

Alinusa mara ya pili asije akajidanganya. Ilikuwa siki, na ndani ya siki kulikuwa na kitunguu saumu. Hasira iliyomkaa kifuani tangu asubuhi ikampanda mpaka kooni. Siku nne zilizopita sehemu ya tatu ya mgodi wa makaa wa Kara-Tumshuk ililipuka. Kifaa hiki, kidogo cha kushika mkononi, kilikuwa na kazi moja tu duniani: kunusa gesi na kupiga kelele. Hakikupiga. Daftari la zamu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa marehemu Taalai, mpimaji wa gesi, kila baada ya nusu saa: sifuri, sifuri, sifuri. Baada ya sifuri ya sita hakukuwa na maandishi.

"Nani alisafisha hiki?" aliuliza.

Burulcha, mtunza chumba cha taa, alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya safu za kofia za wachimbaji. Siku ya tatu sasa alikuwa chini ya ulinzi. Mwendesha mashtaka angekuja saa kumi jioni kutia sahihi, na gari la kumpeleka gereza la Osh lilikuwa limeshawekwa mafuta. Shtaka lilikuwa fupi: alitoa kifaa kibovu bila kukitia alama. Miaka kumi na miwili hiyo, kwa roho tatu.

"Sijui, afande. Si mimi."

"Si wewe." Zuurakan alisimama, akavuta mlango wa kabati la vifaa. Kulikuwa na mswaki mkavu, pamba, chupa ya spiriti, raba ya kufutia ya watoto wa shule, na chupa ya siki iliyofika nusu. Akaitua mezani kwa kishindo. "Na hii ni ya kachumbari?"

"Ni ya kusafishia betri zikivuja. Kila mtu mgodini anajua."

"Basi kila mtu anajua umesafisha wewe! Betri zilivuja, ukafuta juu juu, ukatundika kifaa kwenye ndoano, ukaenda kunywa chai. Watu wakashuka nacho. Nikueleze mama yake Taalai yuko katika hali gani leo?"

Burulcha hakulia. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kimefungwa nyuma ya shingo, na macho yake yalikuwa mekundu zaidi kwa ghadhabu kuliko kwa machozi.

"Mama yake Taalai nimemkandia unga wa matanga kwa mikono hii kabla hamjanifunga pingu, kwa hiyo usinieleze. Ukitaka kujua kama nimesafisha mimi, nusa siki yangu."

"Nini?"

"Nusa, afande. Pua unayo."

Zuurakan aliifungua chupa akanusa. Ilimchoma puani, kali, tupu, haina kingine. Akarudia kunusa kifaa. Kitunguu saumu kilikuwepo palepale.

Akaketi. Hasira yake haikupungua, ila ilianza kutafuta pa kwenda.

"Nifundishe," alisema. "Kama mjinga. Betri imevuja, unafanya nini?"

"Kwanza unazitoa, unazitupa. Ule unga mweupe unaupangusa kwa mswaki, mkavu, huku umegeuza uso, maana unakula ngozi. Kisha pamba na tone la siki. Tone, si kijiko. Unga unatoka povu, ukimaliza kutoka povu umekufa. Halafu spiriti, ili siki yenyewe isibaki ikala shaba. Unaacha pakauke. Ndipo unasugua kwa raba pale betri inapogusana na shaba, mpaka pang'ae."

"Kisha kinarudi kazini?"

"Hakirudi!" Burulcha alipiga benchi kwa kiganja. "Hapo ndipo wanaume wa hapa wanapokosea, wote, wakiona kitaa cha kijani wanasema kimepona. Uchafu wa betri unatambaa na waya. Ukifika kwenye jicho la kifaa, kile kijungu cha mbele kinachonusa gesi, basi jicho limekufa. Kitawaka, kitaandika sifuri, kitaandika sifuri hata ukikitia ndani ya jiko la gesi. Ndiyo maana kuna lile kopo."

Alionyesha kwa kidevu. Kwenye rafu palikuwa na kopo la gesi ya kupimia, lenye mrija. Zuurakan alivaa glavu, akatia betri mpya katika namba kumi na nne, akakiwasha. Kitaa cha kijani kikang'aa vizuri kabisa. Akaelekeza mrija kwenye kijungu, akafungulia.

Sifuri. Akahesabu mpaka sitini, ikabaki sifuri.

"Kilivuja lini?"

"Jumatatu jioni. Nilikifungua nikaona kutu ya kijani imeshapanda waya. Nikakifunga uzi mwekundu na kadi, nikakitia kwenye sanduku la vibovu. Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye dirisha nagawa taa, watu arobaini, kelele. Nilipogeuka hakikuwepo sandukuni. Nikadhani fundi wa mjini amekichukua."

"Ukadhani."

"Nikadhani," alisema Burulcha, na safari hii sauti ilimpungua. "Hilo nihukumuni. Hilo ni langu."

Zuurakan aliliinamia sanduku la vibovu. Kulikuwa na vifaa viwili, kila kimoja kimefungwa kadi ya 'usichukue' kwa uzi wa sufu wa kusokota nyumbani, mwekundu uliosokotwa pamoja na mweupe. Namba kumi na nne kilipofika polisi, kimefungwa kwenye mfuko na kutiwa lakiri, hakikuwa na uzi. Alikielekeza dirishani, akaingiza kibanio chini ya springi. Kulikuwa na mafuta, utando mwembamba wa mafuta ya kula. Na pale springi inapojikunja palikuwa na ganda dogo jekundu limeganda.

Alilitoa, akaliweka juu ya karatasi nyeupe. Lilikuwa ganda la pilipili.

Sasa alijua ni siki ipi. Katika nchi hii hakuna meza ya kula tambi isiyo na bakuli lake: siki, kitunguu saumu kilichopondwa, na pilipili iliyomwagiwa mafuta ya moto. Mtu aliyekisafisha kifaa hiki alikisafisha akiwa mezani, katikati ya mlo.

* * *

Kadyrkul, msimamizi wa zamu aliyempa Taalai kifaa, alimpokea ofisini kwa chai na mkate. Alikuwa mtu wa mwili, masharubu yamechanwa, na alikuwa ameivaa kofia nyeupe ya sufu kama anayekwenda harusini.

"Karibu, dada, kula. Huwezi kukamata watu na njaa."

"Nimeshiba. Jumanne asubuhi, kifaa namba kumi na nne ulikitoa wapi?"

"Kwenye ndoano, pale Burulcha anapotundika vizima."

"Ulikifungua?"

"Mimi? Dada yangu, mimi nachimba makaa. Mambo ya betri sijui hata yanaanzia wapi." Akacheka kidogo. "Nilikiwasha, kikawaka kijani, kikasoma. Nikampa Taalai."

"Hakulalamika?"

"Alalamike nini? Kifaa kilikuwa kizima machoni pa kila mtu. Burulcha ndiye aliyejua ubaya wake, akanyamaza. Mimi ningeshuka nacho mwenyewe. Hata leo ningeshuka nacho."

"Hata leo," alisema Zuurakan.

"Hata leo hii."

Aliliandika neno kwa neno, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Alitia bila hata kusoma, sahihi kubwa yenye mkia.

"Vifaa vingine vilikuwa wapi asubuhi hiyo?"

Masharubu yakacheza. "Viwili vilikuwa vibovu. Vingine vilikuwa vimeshashuka na sehemu ya kwanza na ya pili."

"Kwa hiyo bila namba kumi na nne, sehemu ya tatu isingeshuka."

"Sheria ndivyo inavyosema."

"Na mkurugenzi angesemaje, sehemu ya tatu isiposhuka?"

"Mkurugenzi muulize mkurugenzi." Kadyrkul aliusukuma mkate karibu naye. "Dada, nikuambie kwa wema. Burulcha ni mwanamke mpweke, mzembe kidogo. Jaji atamhurumia. Mwaka mmoja, miwili, amerudi nyumbani. Kwa nini ujisumbue?"

Zuurakan aliutazama ule mkate, akahisi angeweza kumtupia usoni, lakini mkate hautupwi. Akatoka.

* * *

Kantini ilikuwa tupu saa sita ile. Mpishi, Mama Anarkan, alikuwa akivuta tambi kwa mikono miwili, anazipiga mezani, anazikunja, anazivuta tena. Hakusimama alipoona sare ya polisi.

"Chakula bado."

"Sitaki chakula, mama. Nataka bakuli la siki."

Tambi zikakatika. Mama Anarkan alizitazama zile nyuzi za unga zilizolala mezani, akaziviringa upya kuwa donge, taratibu mno kwa mtu mwenye wachimbaji arobaini wa kulisha.

"Siki iko mezani. Meza zote."

"Nazungumzia ya Jumanne asubuhi."

"Ya Jumanne imeliwa."

"Yote?"

Zuurakan alianza kuzunguka jikoni bila haraka. Masufuria yalikuwa safi, sakafu imefagiliwa, na kila kitu kilikuwa mahali pake, kila kipande cha kamba kimetunzwa, kila mfuko mtupu umekunjwa. Huyu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kwenye ndoano kando ya jiko palining'inia mfuko wa pilipili kavu, mdomo umefungwa kwa uzi. Uzi wa sufu, mwekundu uliosokotwa na mweupe.

Akauonyesha kwa kidole. "Huu umeupata wapi, mama?"

"Uzi tu huo."

"Ni uzi wa Burulcha. Anausokota mwenyewe. Ulikuwa umefungwa kwenye kifaa, na kadi yake imeandikwa 'usichukue'. Na kama hutaniambia ulifikaje kwenye pilipili zako, saa kumi watampandisha garini mtu ambaye hajafanya kitu, na wewe utampikia chakula cha njiani!"

"Usinipigie kelele jikoni kwangu!" Mama Anarkan aliligonga donge mezani. "Unadhani sina uchungu? Unadhani nalala? Nina watoto wawili katika zamu ya Kadyrkul. Wawili! Anaandika yeye nani ashuke wapi. Leo nikisema, kesho wanangu anawapeleka wapi? Niambie wewe mwenye bunduki."

Zuurakan alishusha sauti. "Niambie mimi tu, kwanza."

Mama alijifuta unga kwenye aproni. Alisema huku anatazama dirishani.

"Alikaa pale kwenye kona. Nilikuwa nimempelekea tambi za jana, nimezipasha. Akatoa kile kidude mfukoni, akakata uzi, akaomba pamba kwenye kisanduku changu cha dawa. Nikadhani amejikata. Kugeuka, namwona anachovya pamba kwenye bakuli la watu! Nikamwambia, we Kadyrkul, huna haya, hiyo ni ya chakula. Akacheka. Akasema, Mama, mwangalie mgonjwa anavyofufuka. Kikawaka. Akanionyesha kile kitaa cha kijani, amefurahi kama mtoto. Siki nikaimwaga nje, uzi nikauokota. Kadi niliitia motoni, sikuisoma, macho yangu hayasomi bila miwani." Akakung'uta aproni. "Alimalizia tambi zake."

"Utaweka sahihi?"

"Sitaweka."

"Mama."

"Sitaweka, mwanangu! Nimekwambia kwa sababu yananichoma. Karatasi siiweki mkono. Nenda."

Zuurakan aliufungua ule uzi, akautia kwenye bahasha, akasimama mlangoni. Uzi bila shahidi, Kadyrkul angesema umeangushwa na yeyote. Ganda la pilipili angesema ni la Burulcha, kwani naye anakula tambi. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Saa nane zamu ingeshuka sehemu ya pili, iliyopakana na ile iliyolipuka, mkurugenzi akiwa ameshaamuru kazi iendelee.

Aliitazama ile karatasi yenye sahihi ya mkia. Hata leo ningeshuka nacho.

"Haya," alisema peke yake, kwa meno yaliyobana. "Tushuke."

* * *

Mbele ya mdomo wa mgodi theluji ilikuwa imegeuka matope meusi. Wachimbaji walisimama na taa zao vichwani, wanamalizia sigara. Hakuna aliyekuwa anatania. Kadyrkul alikuwa anaita majina kutoka kwenye daftari.

Zuurakan alipita katikati yao na kuwaagiza askari wake wawili wasimame kando ya reli. Mmoja wao alikuwa amemleta Burulcha, na pingu zake. Nyuma, wapishi walikuwa wametoka na ndoo ya chai ya wachimbaji, na Mama Anarkan ndiye aliyeshika kata.

"Kaka Kadyrkul," alisema Zuurakan, kwa sauti ya kufika kwa wote. "Zamu hii unaiongoza wewe?"

"Naiongoza mimi."

"Vizuri. Mpimaji wa gesi nani?"

"Nitapima mwenyewe, leo." Akajipiga kifuani, pale kilipokuwa kimening'inia kifaa kingine, namba tatu.

Zuurakan alinyoosha mkono, akakitoa kile cha namba tatu kifuani pake, akampa askari. Kisha akatoa namba kumi na nne kwenye mfuko wa ushahidi, akakiwasha mbele ya macho ya watu. Kijani kikang'aa. Akamwekea kiganjani.

"Shuka na hiki."

Hakukusudia afike mbali. Askari walishaambiwa wamzuie akikanyaga hatua ya pili. Lakini wachimbaji hawakulijua hilo, wala Kadyrkul.

"Mchezo gani huu, dada?"

"Si mchezo. Umetia sahihi leo asubuhi. Ninasoma: 'Kifaa kilikuwa kizima machoni pa kila mtu. Hata leo ningeshuka nacho.' Ni sahihi yako?"

"Yangu, lakini..."

"Mimi nakuja nyuma yako."

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja akasema mwanamke haingii mgodini, ni mkosi. Kadyrkul akaidaka hiyo kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Umesikia? Mwanamke haingii. Nikikupeleka, hawa watagoma wote."

"Sawa kabisa. Mila ni mila. Basi ingia peke yako, mimi nakusubiri hapa. Fika mwisho wa sehemu ya pili, kaa nusu saa, andika unachosoma, rudi."

Kadyrkul aliutazama mdomo wa mgodi. Akatazama kiganja chake. Kioo kilisema sifuri, na kitaa kilikuwa kijani, kizuri. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia nyeupe, na baridi ilikuwa inauma.

"Nipe kingine," alisema.

"Kwa nini kingine?"

"Hiki kimekaa polisi siku nne, nani anajua mmekifanya nini."

"Kimekaa ndani ya lakiri mpaka leo asubuhi, na wewe mwenyewe ulikuwepo ikiwekwa. Kinawaka kama siku ile, kinasoma kama siku ile. Shuka."

"Nipe kingine, nimesema!" Sauti ilimpasuka. "Siwezi kuingia na hiki, mimi nina watoto!"

Mahali fulani maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa la bati.

"Taalai alikuwa na watoto wangapi?" aliuliza Zuurakan.

Kadyrkul aliinamisha macho kwenye kile kitaa cha kijani.

"Wanne," alisema mtu katika wachimbaji. Alikuwa kijana mrefu mwenye bendeji mkononi, mmoja wa walionusurika. "Na yeye aliomba kingine. Nilikuwa nimesimama karibu. Alisema, kaka, hiki kinanata mkononi, kinanuka, nipe kingine. Huyu akamwambia, 'Kinanuka chakula, kwani wewe huli? Shuka.'"

"Mbona hukusema siku zote hizi?" alifoka yule mzee aliyetaja mkosi.

"Ningesema kwa nani? Yeye ndiye anayeandika majina!"

Watu wakaanza kusogea. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Zuurakan. Aliwapa ishara askari, wakamweka Kadyrkul katikati yao. Kofia yake ilidondoka kwenye matope, na hakuna aliyeinama kumwokotea, ingawa kwa mila yao kofia ile haiachwi chini.

Ndipo kata ilipotupwa ndani ya ndoo, chai ikaruka. Mama Anarkan alikuja akipasua katikati ya wanaume, mikono yenye unga ameinyoosha mbele. Wanawe wawili walikuwa safu ya kwanza, na taa zao zimewashwa. Aliwatazama mmoja, kisha mwingine. Akasimama mbele ya Kadyrkul, mfupi, anamfika kifuani.

"Nilikupashia tambi," alimwambia. "Asubuhi ile, nilikupashia kwa sababu ulisema za baridi zinakuumiza tumbo."

Kisha akamgeukia Zuurakan, akajipangusa kidole gumba kwenye aproni.

"Lete karatasi. Na mtafute mtu mwenye miwani anisomee kila neno."

Zuurakan aliitoa. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Burulcha, aliyekuwa ananyoosha viganja kwa askari afungue pingu, alisubiri mpaka mkono wa kulia uwe huru. Akakichukua kile kifaa kutoka kwa Kadyrkul, akakizima, akatoa betri moja moja. Kisha akaomba uzi wake.

Zuurakan alimpa bahasha. Ushahidi huo ungeweza kungoja dakika moja. Burulcha akakifunga kifaa namba kumi na nne mafundo mawili, mbele ya zamu yote, na wachimbaji arobaini wakavua helmeti zao.